Hongera Sana, Mdau

3 Oktoba, Chilangala

Nimerudi kutoka Masasi na fulana, cheti na kinyaa. Siku mbili tumefungiwa ukumbini tunafundishwa kujenga mahusiano ya kikazi mtandaoni. Anayefundisha anaitwa Godwin, na hataki kuitwa mwalimu, anataka kocha. Alitusimamisha, kila mtu amshike jirani yake mkono, amtazame machoni, amwambie, "Wewe ni fursa." Jirani yangu alikuwa baba mmoja muuza vifaranga mwenye viganja vilivyolowa jasho. Nikamwambia yeye ni fursa. Akaniambia na mimi pia. Tukakaa, hatukuulizana hata majina.

Sikwenda kwa kupenda. Mama Gervas ndiye aliyenituma. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake wanaobangua korosho kwa mkono, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye stashahada ya usindikaji na simu kubwa, ikaonekana kutafuta mnunuzi ni kazi yangu. Yule wa miaka yote ametutupa, sasa ananunua kiwandani. Wenzangu kila mmoja amezuia sehemu ya korosho zake zisiende mnadani ili tuzibangue wenyewe. Mvua ikitukuta nazo ndani zitanywea unyevu, zitaota ukungu, na hawatakuwa na za mnada wala za kubangua. Mwezi wa kumi na mbili hauko mbali.

4 Oktoba

Kocha ameniingiza kwenye kundi lake la wasapu, Wadau wa Mazao Kusini. Kabla sijanywa chai walikuwa wameshapongezana kama harusini. Mmoja kapiga picha na kompyuta mpakato. Hongera sana, mdau. Mwingine kapiga picha na yule wa kwanza. Hongera sana, mdau. Nikapitia chini mpaka kidole kikachoka, nikitafuta mtu aliyeuza au kununua kitu chochote.

9 Oktoba

Upepo mkali, vumbi hadi kwenye ugali. Tumebangua kutwa.

15 Oktoba

Masharti ya kocha: kila asubuhi uandike jambo la kutia moyo, upongeze wadau wasiopungua watano, na usitaje bidhaa yako kabisa, maana ukiuza mapema unaonekana una njaa. Nikamwambia njaa ninayo. Akacheka, akaniambia nibadilishe mtazamo.

Kisha akataka picha yangu nikiwa kazini. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua. Hata ukijipaka majivu, mwisho wa msimu viganja vinabambuka ngozi. Nikampelekea picha nikimenya. Akajibu kwamba mikono ile inaharibu chapa yangu, nivae glavu nyeupe nipige tena. Nikazivaa za zahanati, alizoniazima jirani yetu. Kwa glavu zile humenyi hata korosho moja, zinateleza. Nikakaa pale nimeishika moja hewani, natabasamu. Watu themanini wakaniambia nang'ara.

Mama Gervas aliiona ile picha kwenye simu ya mwanawe. Alinitazama tu mikono, kisha akaendelea kuchochea jiko la kukaushia.

22 Oktoba

Leo kundini kaingia mnunuzi wa kweli. Anaitwa Mujibu, ndiye msimamizi wa manunuzi wa maduka fulani makubwa ya vyakula huko Dodoma. Alijitambulisha kwa maneno machache: mzaliwa wa Lisekese, Myao, anatafuta korosho iliyobanguliwa vizuri. Basi wakamvamia kama nzi kwenye mabibo yaliyooza. Hongera sana kwa kujiunga. Umetuheshimisha. Madini matupu, mkuu. Mtu kasema anatafuta korosho, wamemwambia madini.

Na mimi nikamwandikia pembeni, kwa maneno aliyotupa kocha tuyanakili: "Habari ya majukumu. Nimevutiwa na safari yako ya kitaaluma na ningependa tukuze uhusiano wenye tija." Safari yake naijulia wapi? Nilijisikia nimejipaka kitu kinachonuka.

Akajibu, "Asante kwa kuwasiliana. Tutakujulisha." Nikaja kugundua baba wa vifaranga naye kajibiwa hivyohivyo, neno kwa neno.

30 Oktoba

Mawingu upande wa Ruvuma. Yamekaa kidogo, yamepotea.

6 Novemba

Mwanangu Rahima ameniletea maji ya kunawa. Nikamwambia, "Hongera sana, endelea kung'ara." Mtoto akaniuliza kama naumwa.

10 Novemba

Ndoo za korosho zimejaa chumba cha ndani kwa Mama Gervas mpaka analala sebuleni. Kila nikipita wenzangu wananiuliza, "Mama Rahima, simu inasemaje?" Nawaambia inasema vizuri. Ni uongo, na wao wanajua ni uongo, lakini wananiitikia kwa heshima. Afadhali wangenitukana.

12 Novemba

Nina hasira.

Saa nne hivi asubuhi Mujibu aliandika kundini: "Ndugu zangu, baba yangu mzazi Mzee Muharami amefariki dunia leo alfajiri. Niko njiani natoka Dodoma. Tunazika kesho nyumbani Lisekese. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Zikaanza kumiminika pole, nyingi zikiwa zile zile, mtu kanakili ya mwenzake na doa lake la tahajia. Kocha akatuma kadi ya rambirambi yenye mshumaa, waridi, nembo ya kampuni yake na namba zake za simu, na chini imeandikwa: Karibu kwa huduma za mafunzo. Katikati ya zile pole, Jumanne, muuza pembejeo wa Masasi mjini, akaandika, "Hongera sana mdau, endelea kung'ara." Kafiwa mtu, kapongezwa. Nikangoja akemewe. Hakuna aliyeona. Wawili wakamwekea dole gumba.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Mimi Mmakonde, yule Myao, watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani akifiwa humwendei na sura ya ofisini. Unakwenda unamtukana marehemu, unamkataza asizikwe, unadai chako, mpaka waliokauka machozi wacheke na waliocheka walie. Nimekulia humo. Nimemwona mama yangu akijilaza mlangoni kwa Wayao, jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Vidole vikaandika kabla sijavikataza:

"Nyie Wayao hata kufa hamjui. Mnangoja msimu wa korosho ili sisi Wamakonde tuache kazi tuje kuwachimbia. Mzee huyo asizikwe mpaka niletewe kuku wangu, jogoo, si tetea. Mwambieni asogee pembeni, hilo kaburi nimelikalia mimi."

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya kweli tangu niingie kundi lile. Kisha wakanilipukia. Mmoja akasema sina utu. Mwingine, Mkurya au sijui wa wapi, akauliza kama mimi ni mzima. Mama mmoja ambaye nimempongeza kila asubuhi kwa mwezi mzima, hata kwa picha ya kucha zake, akaandika kwamba siku zote alikuwa ananihisi. Kocha akamalizia: lugha isiyo ya kitaaluma haivumiliki. Nikaondolewa. Jumanne yumo mpaka sasa hivi, na hongera yake.

Baadaye kocha akanipigia. Sauti ya upole, ile ya kumsemesha mgonjwa. Akaniambia nimeichoma chapa yangu, na kwamba mnunuzi yule nimsahau, na wenzangu pia wamsahau. Hilo la wenzangu ndilo lililoniingia.

13 Novemba

Nimemweleza Mama Gervas yote. Nilimkuta anachambua korosho, nikamsomea nilichoandika. Nilidhani atacheka. Yeye ni mtani kuliko mimi, kwenye misiba ya Wayao hana mfano wake. Hakucheka.

"Ulikwenda?" akaniuliza.

Nikamwambia sikwenda, niliandika.

"Utani hautumwi kwa simu, Mama Rahima. Ukimtukana maiti wa watu uwepo pale, ufagie, uteke maji, na wewe utukanwe. Hukwenda, basi hujatania. Umetukana."

Nikajisikia vibaya kuliko waliponitoa kundini, maana hili lilikuwa kweli. Nimekaa na watu wasiofika popote mpaka nami nimekuwa mtu wa kutuma utani kama wanavyotuma kadi za mshumaa. Nilijichukia mchana kutwa.

Jioni akaniambia maziko yametupita, lakini matanga hayajatupita, tujiandae. Nikamuuliza kama nibebe sampuli za korosho, maana mnunuzi atakuwepo. Akanikata jicho. Msibani hatuuzi, akasema. Tutabeba ndoo moja, waombolezaji watafune na chai yao, na mtu asiitaje bei.

14 Novemba, Lisekese

Nimejiegemeza ukutani, mikono yote imekwisha kwa kuteka maji, lakini nataka kuandika.

Tulifika asubuhi na bodaboda. Mikeka imejaa, watu kimya, kila mwenye simu kainamia yake. Mama Gervas alishuka, hakusalimia. Alivua kandambili, akanyakua fagio mlangoni, akapaza sauti ya kilio: "Mzee Muharami, umekimbia na kuku wetu. Tulijua tu, nyie mkidaiwa mnakufa."

Nikaogopa watatufukuza. Kisha bibi mmoja wa Kiyao akainuka mkekani, nusu analia, akajibu, "Wachonga vinyago wamefika. Ficheni kuni, watazichonga." Uwanja mzima ukacheka. Mama Gervas akajilaza kizingitini, akasema hatoki mpaka alipwe. Wakammwagia maji. Akainuka amelowa, akaanza kufagia uwanja wa watu kama wake, na mimi nikachukua ndoo nikaenda kisimani na mabinti wa pale. Tulipika, tukaosha masufuria. Tulitukanwa kutwa, nasi tukawatukana.

Mujibu nilimtambua kwa picha. Amekaa mkeka wa wanaume, kanzu mpya, macho makavu, simu inamnguruma mkononi bila kupumzika. Kila ikinguruma anaitazama, anajibu, inanguruma tena. Nikamwendea. Sikumwamkia wala kumpa pole. Nikamchomoa simu, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii imetekwa," nikasema. "Itatoka kwa jogoo."

Wajomba zake wakapiga makofi. Yeye akauliza taratibu, "Ni wewe wa kwenye kundi?"

Nikamwambia ni mimi, na kwamba nimechelewa, na kuchelewa ndilo kosa langu.

"Nilikuwa garini, tumepita Songea," akasema. "Tangu nipigiwe simu sikuwa nimelia. Nilisoma pole zao zote, nikawa najibu asante, asante, kama niko ofisini. Nikafika kwako. Nikacheka peke yangu mpaka dereva akaogopa, ndipo nikalia. Nikataka kukujibu nikakuta wamekutoa."

Nilimwambia kwamba akilia tena namwongezea faini. Akalia, na ndugu zake wakamwachia nafasi. Simu ilininguruma kiunoni mpaka adhuhuri, nikaizima.

Masasi mjini, ilipo ofisi ya kocha, si mbali na pale. Hakuna hata mmoja wa wadau wale aliyetia mguu.

Wakati wa chai zile korosho zetu zilipitishwa kwenye sinia. Nilimwona Mujibu anatafuna, anatazama punje moja, anaivunja, anainusa. Hakuuliza, nasi hatukusema. Jogoo tulipewa, mwekundu, mbishi. Mama Gervas amemfunga miguu, yuko hapa ananidonoa kandambili.

19 Novemba

Wenzangu wameuliza simu inasemaje. Nimewaambia haisemi kitu. Imekuwa rahisi zaidi kuliko nilivyodhani.

24 Novemba

Mujibu amepiga. Hakusema habari ya majukumu. Alisema, "Nyie majangili, zile nyingine mmezificha wapi?" Nikamwambia kwa Mama Gervas, na kwamba yeye hawezi kuzimudu, meno ya Kiyao ni ya uji. Akacheka. Kisha akaniuliza maswali ya kazi, moja moja: tunakausha vipi, tunahifadhi vipi, kiasi gani kipo, nani anachambua. Nikamjibu yote, na pale nisipojua nikasema sijui. Alisema anapokea korosho za picha kila siku, hizi zetu ndizo za kwanza alizozitafuna. Atakuja mwenyewe na gari akimaliza mambo ya mirathi.

Nilipowaambia wenzangu hakuna aliyeshangilia. Mama Gervas aliuliza tu atakuja kabla ya mvua au baada.

3 Desemba

Mvua. Imeanza usiku na haijakoma. Ukungu umeingia mpaka ndani, nguo hazikauki. Gari halijafika. Tumezungushia ndoo majiko ya mkaa kwa zamu.

5 Desemba

Ndoo ya Sikujua, mama mjane wa mtaa wa chini, imenywea. Kifuniko chake kilikuwa na ufa. Amezimwaga kwa kuku. Nimelia chooni kwa hasira, nikiyakumbuka majuma niliyoyamaliza kupongeza kucha za watu.

7 Desemba

Gari limefika likiwa tope mpaka madirishani. Mujibu alishuka akiwa amekunja suruali, akaanza kutukana tangu barabarani: nyumba mmejenga kwenye mawingu, hata mvua inawakimbilia. Mama Gervas akamrushia fagio. Aliingia chumba cha ndani, akafungua ndoo moja moja. Mbili akazikataa na akatueleza kwa nini. Zilizobaki zote amechukua. Aliposikia ya Sikujua akauliza ana nyingine ngapi za kubangua, akamwambia zikiwa tayari amtafute yeye mwenyewe. Akaomba tuwe tunamletea kila msimu. Hakumwita mtu yeyote mdau.

Chumba kimebaki kitupu. Mama Gervas amerudisha kitanda chake, amelala saa ile ile, mchana, na viatu.

8 Desemba

Nimeamka nimerudishwa kundini. Sikuomba. Kocha ameweka picha: mimi na Mujibu, nacheka, nimemshika mkono. Nikaitazama mpaka nikaijua. Imepigwa msibani, imeokotwa kwenye simu ya ndugu mmoja wa marehemu. Ameikata. Ameondoa mikeka, ameondoa wanawake wanaolia nyuma yetu, ameondoa simu niliyokuwa namnyang'anya. Chini ameandika: "Mhitimu wangu akifunga mkataba na mnunuzi mkubwa. Haya ndiyo matunda ya kujenga mahusiano mtandaoni. Nafasi za semina ya Januari zimebaki chache."

Hongera sana, mdau. Hongera sana, mdau. Yule mama wa kucha kaandika siku zote alikuwa ananihisi.

Nilitapika. Sisemi kwa mfano.

Adhuhuri Mujibu mwenyewe akaandika: "Huyu Mmakonde ni mwizi. Alikuja kwenye matanga ya baba yangu akaniteka simu na jogoo. Nami nimekwenda kwake nimezoa korosho zote. Akilia, afe na yeye, nije kulala mlangoni kwake." Lugha ile ile iliyonitoa mimi, na msiba ule ule. Wote wakaweka vikatuni vya kucheka. Kocha akaandika, "Ucheshi wa kiwango cha juu, mkuu. Madini."

15 Desemba

Mvua kutwa. Tunajiandaa kwa arobaini ya Mzee Muharami. Wanawake wote wa kikundi watakwenda, Sikujua naye.

Kocha amenipigia. Kasikia watakuja watu wengi, wakiwemo wafanyabiashara wa Dodoma. Akauliza, kwa ile sauti ya kusemesha mgonjwa, kama naweza kumwombea kwa familia nafasi ya kuweka bango lake uwanjani, dogo tu, pembeni ya turubai.

Nikamwambia aje, tena aje na watu wake wote wa kundini. Nikamwandikia kabisa ili asisahau: afike asubuhi kabla wenyeji hawajaamka, aje na jembe na ndoo, simu ataikabidhi mlangoni, atateka maji na kuosha masufuria, atatukanwa yeye na mama yake mpaka jioni, na akifanya hayo yote bila kununa, hapo ndipo tutamuuliza jina lake la ukoo na kwao ni wapi.

Akajibu papo hapo.

"Hongera sana mdau, endelea kung'ara."